Wasomaji Wanauliza: Street Fighter II ya Game Boy na Jinsi ya Kuikusanya

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya safu hii zinahusu mchezo mmoja, Street Fighter II katika umbo lake la mkononi, yaani kaseti ya Game Boy, kifaa cha mkononi cha Nintendo. Kaseti hiyo ilitoka mwaka 1995, miaka minne baada ya kampuni ya Capcom kuuweka mchezo wenyewe katika mashine kubwa za kumbi za michezo. Tumeamua kuzijibu pamoja, na kuongeza chache zinazogusa jamaa zake wa vifaa vingine vya mkononi. Barua ndefu tumezifupisha bila kubadili maana.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeanza kukusanya gemu za mapigano za vifaa vya mkononi. Kila ninayemwuliza ananiambia nisihangaike na Street Fighter II ya Game Boy, kwa kuwa ni mabaki tu ya mchezo halisi. Je, ina lolote la kumfaa mkusanyaji, au watu wanaifuata kwa sababu ya jina?

JIBU: Ndugu msomaji, wanaokuambia hivyo hawakudanganyi, ila wanaipima kaseti hiyo kwa kipimo cha kifaa kingine. Mchezo wa kumbini ulikuwa na vitufe sita kwa kila mchezaji, vitatu vya ngumi na vitatu vya mateke, kila kimoja na uzito wake wa pigo. Game Boy, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1989, ina vitufe viwili tu vinavyofaa kupigania, skrini ya nukta 160 kwa 144, na viwango vinne vya weusi na weupe mahali pa rangi. Waliopewa kazi ya kuuingiza mchezo ule ndani ya kifaa hiki walilazimika kuamua kipi kibaki na kipi kiachwe, na kwa maoni yangu raha ya kuwa na kaseti hii iko hasa katika kuyafuatilia maamuzi hayo mkono ukiwa juu ya vitufe.

Tuanze na mapigo. Kitufe kimoja kilipewa ngumi na kingine mateke, halafu uzito wa pigo ukawekwa katika muda wa kubonyeza: ukigusa na kuachia upesi unapata pigo jepesi, ukishikilia unapata zito. Mbinu hiyo haikubuniwa kwa ajili ya Game Boy, kwani ilikuwa imekwisha kutumika katika Fighting Street ya mwaka 1988, ambayo ni toleo la diski la mchezo wa kwanza kabisa wa Street Fighter. Mtu aliyezoea vitufe sita hukasirika kwa muda, kwa sababu kila akibonyeza kwa pupa hupata pigo jepesi hata pale alipokusudia kumwangusha mpinzani. Baada ya kuzoea, anagundua kwamba karibu kila alichokijua bado kipo: Guile bado anarudi nyuma na kusubiri kabla ya kurusha, na Zangief bado anadai duara zima la kidole gumba kwenye kitufe cha msalaba, jambo ambalo ni gumu kwenye kifaa chochote na kwenye Game Boy ni adhabu.

Wapiganaji nao walipunguzwa. Toleo la kumbini la Champion Edition la mwaka 1992 lilikuwa na wapiganaji 12 wanaochezeka. Katika Game Boy wamebaki tisa, nao ni Ryu, Ken, Chun-Li, Guile, Blanka, Zangief, Balrog, Sagat na M. Bison. Dhalsim, E. Honda na Vega hawamo. Kwa upande mwingine, sura zao na picha za viwanja zimefuata Super Street Fighter II ya mwaka 1993, kwa hiyo ni toleo la mseto ambalo halilingani sawasawa na toleo lolote moja la kumbini, na hilo peke yake linatosha kuwavutia wanaofuatilia historia ya mfululizo huu.

Mwendo wake ni mzito, na sitamshauri mtu ainunue akitarajia mashindano makali ya usiku kucha. Kumbuka pia wakati ilipotoka. Mwaka 1995 PlayStation ilikuwa tayari imeanza kuuzwa Japani, na toleo la Super Nintendo la mwaka 1992 lilikuwa limekwisha kununuliwa na mamilioni ya watu. Kaseti hii ilikuja kwenye kifaa cha miaka sita kwa ajili ya wale waliotaka kumbeba Chun-Li mfukoni, na kazi hiyo inaifanya.

SWALI: Mhariri, nimepata nakala ya Kijapani. Orodha ninayoitumia inasema wazi kwamba Vega hayumo katika toleo la Game Boy, lakini katika yangu yumo, tena ni yule wa sare ya kijeshi na kofia. Zaidi ya hayo, bondia anaitwa M. Bison. Nimeuziwa nakala ya bandia?

JIBU: Hapana, kaseti yako na orodha yako zote mbili ni sahihi, zinatofautiana katika majina tu. Bondia wa Street Fighter II aliundwa akiwa na sura na jina lililomkumbusha kila mtu Mike Tyson, na mchezo ulipokuwa ukiandaliwa kuuzwa nje ya Japani, Capcom iliona hatari ya kushtakiwa. Badala ya kubuni jina jipya, majina matatu yaliyokuwepo yalizungushwa. Bondia, ambaye Japani ni M. Bison, akawa Balrog. Mpiganaji wa Hispania mwenye makucha na kinyago, ambaye Japani ni Balrog, akawa Vega. Dikteta mwenye sare, ambaye Japani ni Vega, akawa M. Bison. Sagat peke yake kati ya wakubwa wanne, yaani wapinzani wa mwisho wa mchezo, ndiye aliyebaki na jina lake kila mahali.

Kwa hiyo aliyeachwa katika toleo la Game Boy ni mwenye makucha, awe na jina lipi. Katika daftari la mkusanyo wako nakushauri uandike "bondia", "mwenye makucha" na "dikteta", kwa sababu utakapoanza kubadilishana na wakusanyaji wengine, majina hayo matatu yatakuletea ugomvi usio na sababu. Kuhusu kuicheza, usiwe na wasiwasi: Game Boy haina kizuizi cha eneo, hivyo kaseti ya Kijapani inafanya kazi katika kifaa kilichouzwa popote, na mchezo wa mapigano una maandishi machache kiasi kwamba lugha haikuzuii kitu. Tofauti nyingine utakayoiona ni ya mchapishaji. Japani kaseti ilitolewa na Capcom wenyewe, lakini Amerika Kaskazini na Ulaya ilichapishwa na Nintendo, kwa hiyo maelezo ya boksi hayafanani.

SWALI: Nimeonyeshwa picha za kaseti tatu za mchezo huu, zote zikiitwa halisi, na muuzaji yuko tayari kunijibu maswali. Niangalie nini, na nimwombe picha zipi?

JIBU: Hili ndilo swali ambalo kila mkusanyaji anapaswa kuliuliza kabla ya kutoa pesa. Mwombe picha nne, zikiwa katika mwanga wa kutosha: mbele, nyuma, ukingo wa chini penye meno ya shaba, na, akikubali, bodi ya ndani baada ya kaseti kufunguliwa.

Mbele, tazama kwanza ganda. Kaseti ya kijivu ya Game Boy ina pengo dogo katika kona moja ya juu, na pengo hilo lina kazi: kitelezi cha kuwashia cha Game Boy ya kwanza huingia humo na kuizuia kaseti isichomolewe wakati kifaa kinafanya kazi. Ganda lisilo na pengo haliwezi kuwashwa katika Game Boy ya kwanza, na ndiyo sababu kaseti za Game Boy Color peke yake zilitengenezwa bila pengo hilo. Ukikuta Street Fighter II ndani ya ganda angavu lisilo na pengo, hakuna haja ya kuendelea na mazungumzo. Maandishi ya "Nintendo GAME BOY" juu ya lebo yanapaswa kuwa yamechongwa kwa kingo kali. Katika nakala za bandia mara nyingi herufi zimevimba, ni nyembamba mno au nafasi kati yake si sawa.

Kisha lebo. Chapa halisi ni safi hata katika maandishi madogo kabisa, na ina msimbo unaoanza na DMG kisha unaonyesha mchezo na eneo ilikouzwa. Katika nakala nyingi utaona pia tarakimu mbili, wakati mwingine pamoja na herufi, zilizokandamizwa kwenye karatasi bila wino, ambazo huonekana tu mwanga ukipiga kwa upande. Alama hiyo ni dalili nzuri, ila kutokuwepo kwake katika picha si ushahidi, kwa sababu picha iliyopigwa kwa mwanga wa moja kwa moja huificha.

Nyuma kuna skrubu moja isiyokubali bisibisi ya kawaida. Inahitaji kifunguzi cha milimita 3.8 chenye kichwa cha mviringo wenye meno. Skrubu ya msalaba haimaanishi moja kwa moja kwamba kaseti ni ya bandia, kwani inawezekana mwenye nayo wa zamani aliipoteza ya asili, lakini inamaanisha kwamba kaseti imefunguliwa, na hapo picha ya bodi inakuwa sharti.

Bodi ndiyo inayosema ukweli zaidi ya vyote. Katika bodi halisi jina la Nintendo limechapwa, na kwa kawaida kuna mwaka na namba ya bodi. Chipu zina maandishi yanayosomeka na miguu iliyounganishwa kwa mpangilio unaofanana. Bodi ya bandia mara nyingi ina tone jeusi la gundi ngumu lililofunika chipu, na meno yake ni membamba au yamekatwa vibaya. Hapa naomba uwe mwangalifu, maana utasikia watu wakisema kwamba tone jeusi ni uthibitisho wa bandia bila mjadala. Kuna kaseti halisi za miaka ya mwanzo za Game Boy zilizotengenezwa kwa njia hiyohiyo. Kwa mchezo wa mwaka 1995 tone hilo linatia shaka kubwa, lakini liangalie pamoja na dalili nyingine kabla ya kumwita mtu tapeli.

Ukihamia kwenye michezo ya Game Boy Advance, ambako bandia ni nyingi zaidi, kanuni ni zilezile, isipokuwa skrubu ni ya mbawa tatu, na jina la Nintendo huonekana kwenye bodi juu kidogo ya meno bila hata kufungua kaseti. Mimi sina uadui na nakala za kuiga zinazouzwa kwa jina lake halisi, na najua watu wanaokusanya kaseti zisizo na leseni kwa sababu ya vituko vyake. Ugomvi wangu ni na anayeziuza kama halisi.

SWALI: Kaseti yangu ilifanya kazi vizuri kwa mwezi mzima. Sasa nikiwasha, badala ya jina la Nintendo inashuka alama nyeusi ya mstatili na kifaa kinakwama hapo. Chipu imekufa?

JIBU: Yaelekea chipu ni nzima. Jina la Nintendo unaloliona likishuka halitoki katika kifaa; Game Boy hulisoma kutoka ndani ya kaseti, kisha hulilinganisha na nakala yake yenyewe, na yasipofanana hukataa kuendelea. Mstatili mweusi maana yake ni kwamba kifaa hakisomi kitu chochote cha maana, na jina lililoharibika nusu maana yake kinasoma kwa shida. Katika hali zote mbili mtuhumiwa wa kwanza ni uchafu kwenye meno.

Lowesha kijiti cha pamba kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, sugua meno kwa kufuata urefu wake, rudia kwa kijiti kipya hadi pamba itoke safi, kisha acha kaseti ikauke kabisa kabla ya kuirudisha. Usipulizie kwa mdomo. Najua kizazi kizima kilifanya hivyo na gemu ikawaka, lakini kilichosaidia mara nyingi ni kule kuichomoa na kuichomeka upya, na mate yaliyobaki huharakisha kutu. Msasa na dawa za kung'arishia vyuma ziweke mbali, kwa sababu tabaka la dhahabu juu ya meno ni jembamba sana na likishaondoka halirudi. Ikiwa kaseti nyingine nazo zinasumbua, basi kosa liko katika tundu la kifaa.

SWALI: Nina nafasi ya kununua kifaa kimoja tu kwa ajili ya gemu za mapigano za Game Boy. Ningependa kucheza na ndugu yangu pia. Nichukue kipi?

JIBU: Kwa gemu za mapigano, jambo la kwanza la kuangalia ni skrini, na skrini ya Game Boy ya kwanza ndiyo dhaifu kuliko zote kwa kazi hii. Nukta zake hubadilika polepole, hivyo kila mpiganaji anayeruka huacha kivuli nyuma yake, na katika mchezo ambao uhai wako unategemea kuona mguu wa adui ulipoanza kusogea, kivuli hicho ni mpinzani wa pili. Game Boy Pocket ya mwaka 1996 ina skrini iliyo safi zaidi na inabaki katika weusi na weupe. Game Boy Color ya mwaka 1998 huipaka kaseti ya zamani rangi chache inazozichagua yenyewe, nazo unaweza kuzibadilisha wakati wa kuwasha kwa kushikilia mwelekeo pamoja na kitufe. Kushoto pamoja na B kunakurudishia kijivu, na mimi huchagua hicho kwa Street Fighter II kwa sababu rangi za kubahatisha huwafanya wapiganaji wachanganyike na uwanja.

Kama ni kimoja tu, ningekwambia utafute Game Boy Advance SP yenye namba AGS-101 chini ya kifaa. Hiyo ina taa nyuma ya skrini, tofauti na AGS-001 ambayo mwanga wake hutoka mbele na ni hafifu. Inasoma kaseti za Game Boy, za Color na za Advance, kwa hiyo mkusanyo wako wote unaingia humo. Usichanganye na Game Boy Micro wala Nintendo DS, ambazo hazisomi kaseti za kizazi cha kwanza.

Kuhusu ndugu yako, kuna njia mbili. Ya kwanza ni waya wa kuunganisha vifaa, ambao unadai vifaa viwili, kaseti mbili na waya unaofaa. Game Boy ya kwanza ina tundu kubwa kuliko Pocket na Color, na waya wa Game Boy Advance hautumiki kwa kaseti za zamani hata kama kifaa chenyewe ni cha Advance, hivyo tafuta ule wa Color. Ya pili ni Super Game Boy, kifaa cha mwaka 1994 kinachoingia ndani ya Super Nintendo na kuonyesha kaseti za Game Boy kwenye televisheni. Street Fighter II iliandaliwa kwa ajili yake, kwa hiyo watu wawili wanaweza kupigana kwa kaseti moja na vidhibiti viwili. Ina tabia moja ya ajabu: mchezo huenda kasi kidogo, takriban asilimia 2.4 zaidi ya kawaida, kosa lililorekebishwa katika Super Game Boy 2 iliyouzwa Japani mwaka 1998. Tena, mwenye Super Nintendo angeweza kuchomeka toleo la mwaka 1992 lenye vitufe vyote sita na kuachana na kaseti ndogo kabisa, lakini mkusanyaji haishi kwa hesabu za namna hiyo.

SWALI: Je, nisubiri nakala yenye boksi, au hata iliyofungwa bado na nailoni yake? Nimeambiwa kwamba kaseti tupu haina maana katika mkusanyo.

JIBU: Aliyekuambia hivyo pengine ana boksi la kuuza. Boksi la Game Boy ni la kadibodi nyembamba, lililotengenezwa kwa ajili ya mtoto alirarue siku ya kwanza, na ndiyo maana ni machache yaliyobaki na kona zake. Kwa mchezo huu mimi naona kijitabu cha maelekezo kina thamani kuliko boksi, kwa sababu ndicho kinachoeleza mfumo wa kubonyeza kwa muda na mapigo maalumu ya kila mpiganaji, na mtu aliyeanza bila kijitabu hudhani kaseti yake ni mbovu. Ukipata kaseti na kijitabu, umeshapata sehemu kubwa ya kitu chenyewe.

Nakala zilizofungwa ni soko jingine kabisa, nalo lina udanganyifu wake. Nailoni inaweza kurudishwa na mtu yeyote mwenye mashine ndogo ya joto. Mtu anayesisitiza kununua nakala kama hiyo aangalie angalau mshono wa nyuma, ambao katika maboksi ya Nintendo ya Amerika Kaskazini huwa na umbo la herufi H, na bado asiamini mshono peke yake. Baada ya hapo hupelekwa kwa watathmini, hutiwa ndani ya kasha la plastiki lisilofunguliwa na kupewa alama. Simkatazi mtu kutumia pesa zake, lakini mchezo wa mapigano usioweza kuchezwa unanishinda kuuelewa.

Boksi ulilo nalo tayari liweke ndani ya kifuniko cha plastiki safi, mbali na jua, kwa sababu wino mwekundu hufifia kwanza, na uweke vipakiti vya silika karibu yake ili kunyonya unyevu.

SWALI: Nimechoka na vivuli vya kijivu. Nasikia Neo Geo Pocket Color ndiyo kifaa bora cha mkononi kwa mapigano. Ni kweli, na nianze na mchezo gani?

JIBU: Kwa kizazi chake, ndiyo, na sisiti kusema hivyo. SNK, kampuni iliyojenga jina lake kwa michezo ya mapigano, ilitoa Neo Geo Pocket ya rangi moja mwaka 1998 na ya rangi mwaka 1999. Skrini yake ni ya nukta 160 kwa 152, si kubwa kuliko ya Game Boy kwa kiasi cha kuringia. Tofauti iko kwenye kidole gumba: mahali pa kitufe cha msalaba kuna kijiti kifupi kinachotoa mlio mdogo kila kinapogusa mwelekeo, na robo duara ya kurusha moto inatoka bila kubahatisha.

Mchezo wa kuanza nao ni SNK vs. Capcom: The Match of the Millennium wa mwaka 1999. Una wapiganaji 26, 18 wakiwa wazi tangu mwanzo na wanane wa kufungua, na unaweza kupigana mmoja mmoja, kwa wawili wanaopokezana au kwa timu ya watatu. Utakachokigundua upesi ni kwamba vitufe vya kupigania ni viwili na uzito wa pigo unatokana na muda wa kubonyeza, sawa kabisa na ile Street Fighter II ya Game Boy uliyoichoka. Safari hii, hata hivyo, wapiganaji wamechorwa upya wakiwa na vichwa vikubwa na miili mifupi, hivyo kila pigo linasomeka katika skrini ndogo, na mchezo umepangwa kwa vitufe viwili tangu siku ya kwanza. Watu wa kampuni ya Takara walikuwa wamekwisha kutumia uchoraji wa namna hiyo katika matoleo yao ya Game Boy ya michezo ya SNK, kama vile Samurai Spirits mwaka 1994, na mashabiki wengi, nami nikiwemo, huyaona yanachezeka vizuri zaidi kuliko jitihada ya Capcom.

SNK iliondoka katika masoko ya Marekani na Ulaya mwaka 2000, kwa hiyo maisha ya kifaa huko yalikuwa mafupi, na kaseti zake hazikumwagika kila mahali kama za Game Boy. Hata hapa hakuna kizuizi cha eneo, na michezo mingi hubadili lugha kufuata mpangilio wa kifaa, hivyo usiikwepe nakala ya Kijapani. Unapokagua kifaa, jua kwamba kinatumia betri mbili za AA za kuchezea na kidonge cha CR2032 cha kutunza saa na mipangilio. Kifaa kinachokuuliza lugha na tarehe kila ukiwasha hakijaharibika, kimeishiwa kidonge. Na kama unataka kuujua mchezo kwanza kabla ya kuisaka kaseti, The Match of the Millennium ilirudishwa rasmi kwa Nintendo Switch mwaka 2021.

SWALI: Boksi langu la Street Fighter II lina kibandiko cha bei cha zamani mbele kabisa. Nikiondoe vipi?

JIBU: Kipashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele ikiwa kwenye joto la chini, kwa sekunde chache na kutoka mbali, kisha inua kona moja kwa ukucha na uvute polepole ukiwa umelaza kibandiko karibu na kadibodi badala ya kukivuta kwenda juu. Ukiona nyuzi za karatasi au rangi zinaanza kufuata, acha mara moja na ukibandike tena. Usitumie maji wala mafuta kwenye kadibodi isiyo na nailoni. Vibandiko vilivyokaa miaka 30 mara nyingi vimekwisha kushikamana na wino wenyewe, na kama chako ni cha namna hiyo, kibaki hapo kilipo, kwani mkusanyaji mwenzako atalisamehe boksi lenye bei kuliko lenye kidonda cheupe juu ya uso wa Ryu.